Ufundi wa Kuzisoma Kuta za Mirihi

Valles Marineris ni mfumo wa makorongo unaoipasua sayari ya Mirihi karibu na ikweta yake, kwa urefu unaozidi kilomita 4,000 na kina kinachofikia kilomita 7, nao umepewa jina la chombo cha Mariner 9, kilichofika huko mwezi Novemba 1971 na kulazimika kusubiri dhoruba kubwa ya vumbi itulie kabla ya kuupiga picha. Hakuna mwanajiolojia aliyewahi kuzigonga kuta hizo kwa nyundo, na hapo ndipo ulipo ustadi wa wanaozisoma, kwani huijua historia ya mwamba kwa vivuli vyake.

Korongo hilo halikuchimbwa na mto kama wengi wanavyodhani. Gamba la sayari lilivutwa likapasuka na kudidimia, kisha mmomonyoko ukazipanua kingo zake. Pale ambapo migongo ya mwamba imetenganishwa na vijibonde, msomaji hodari hutambua kuwa mteremko ulichakaa polepole, jiwe baada ya jiwe. Lakini pale ambapo ukingo umemegeka mfano wa nusu duara, ukuta uliporomoka kwa mkupuo, na kifusi chake kikatambaa makumi ya kilomita, kikiacha mistari mirefu iliyo sambamba. Umri wa kifusi hukadiriwa kwa kuhesabu kreta, yaani mashimo yanayochimbwa na vimondo, kwa kuwa uso wenye kreta chache haujakaa wazi kwa muda mrefu.

Chombo cha wasomaji hao kilicho bora kuliko vyote ni pembe ya utulivu, yaani mwinamo mkali kabisa ambao chembe kavu zinaweza kuuhimili bila kuteleza. Mahindi makavu yakimiminwa mkekani, chungu huinuka hadi kiasi fulani, kisha punje za juu huserereka pembeni, na hata yakiongezwa debe zima, tako la chungu hupanuka lakini mwinamo wa ubavu wake haubadiliki.

Kipimo hicho, kinyenyekevu lakini cha haki, kiliamua shauri zito. Mwaka 2011 watafiti walitangaza mistari myeusi iliyokuwa ikirefuka miteremkoni kila msimu wa joto, nayo ikaja kuonekana kwa wingi katika kuta za Valles Marineris, hata wengi wakatumaini kuwa ni maji ya chumvi yanayotiririka. Wapimaji wakazirudia picha za kamera ya HiRISE, ambazo kila nukta yake hufunika takriban sentimita 30 za ardhi, wakapima mwinamo wa mahali mistari inapoishia. Maji yangeendelea kushuka hadi kwenye miteremko ya wastani; lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa mistari hiyo hukoma kwenye nyuzi 28 hadi 35, palepale ambapo mchanga mkavu husimama.