Nyeusi na Nyeupe au Rangi? Uhakiki wa Uamuzi wa Mpiga Picha kwa Mfano wa Mandhari ya Igowole, Mufindi

Utangulizi

Katika mijadala ya picha za mnato, picha ya nyeusi na nyeupe huchukuliwa kuwa ya sanaa na kumbukumbu, ilhali picha ya rangi huchukuliwa kuwa ya biashara na sherehe. Mgawanyo huu umerithiwa kutoka Ulaya na Marekani. Mwaka 1976, William Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa jijini New York, wahakiki wengi walizibeza. Uhakiki huu unaupima mgawanyo huo kwa mandhari ya Igowole, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Igowole inafaa kwa kipimo hiki kwa kuwa rangi zake zina maana katika maisha ya watu: udongo mwekundu wa barabara, kijani cha chai na misitu, na kijivu cha ukungu wa miezi ya baridi. Hoja kuu ni kwamba picha ya nyeusi na nyeupe haipunguzi rangi zote kwa usawa, na picha ya rangi nayo hairejeshi ukweli mzima. Kila moja ina kitu inachokificha. Mhakiki hana budi kuuliza ni kitu gani, na ni nani anayepoteza kinapofichwa.

Wekundu uliomezwa na weusi

Katika Kiswahili, vivumishi vya rangi vyenye mizizi ya asili inayopatana na ngeli za nomino ni vitatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Majina mengine mengi yametokana na vitu: kijani na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, wekundu ni nguzo ya tatu ya mfumo mzima wa rangi, sambamba na weusi na weupe.

Nguzo hiyo ndiyo iliyokosekana katika picha za awali za Afrika Mashariki. Mabamba ya kioo na filamu zilizotumika kwa wingi hadi miaka ya 1920 ziliihisi sana bluu, na wekundu hazikuuhisi. Mabamba yanayohisi rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906, lakini yalichukua muda mrefu kuenea. Matokeo yake ni kwamba anga ya bluu ilitoka nyeupe tupu, na kitu chekundu kilitoka karibu cheusi. Barabara ya udongo mwekundu kama ile ya Igowole ingetoka kama mkondo wa lami. Ngozi ya Mwafrika, ambayo huakisi zaidi mwanga wa upande wa wekundu, ilitoka nyeusi kuliko ilivyoonekana kwa macho, na maumbile ya uso yakapotea ndani ya giza.

Jambo hili linabadilisha namna ya kuzisoma picha za kipindi cha Wajerumani, zikiwemo za Walther Dobbertin zilizohifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Mtafiti anayeona sura zenye giza katika picha za aina hiyo hana haki ya kuhitimisha haraka kwamba ni mtindo wa msanii, wala kwamba watu walionekana hivyo. Sehemu ya giza hilo inaweza kuwa imetokana na kemia ya bamba.

Rangi na kipimo chake

Wapo wanaoona kwamba historia ya picha ilianza na ukoloni wa nyeusi na nyeupe, kisha ikafuata rangi ya uhuru. Ushahidi haukubaliani nao. Mwaka 1910 kilichapishwa Berlin kitabu cha picha za rangi za makoloni ya Ujerumani, kikihaririwa na Kurd Schwabe, na Robert Lohmeyer alikuwa miongoni mwa wapiga picha wake. Lohmeyer alitumia mbinu ya Adolf Miethe, ambayo ilihitaji picha tatu za mfululizo kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu. Kitu kilichotikisika kilitoka na kingo za rangi zisizolingana. Kwa hiyo rangi ilidai utulivu: mandhari zisizo na upepo na watu waliosimamishwa. Koloni lililoonyeshwa kwa rangi lilikuwa koloni tulivu, na utulivu huo ulimfaa aliyetaka kulitangaza.

Filamu za rangi za baadaye nazo zilikuwa na kipimo chake. Kwa miongo kadhaa, maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Lorna Roth ameonyesha jinsi kipimo hicho kilivyoifanya ngozi nyeusi itoke vibaya, na jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani yalivyochangia mabadiliko. Jean-Luc Godard, aliyefanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, anatajwa kuwa alizikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyo.

Chumba cha giza na maabara

Neno uamuzi lina maana pale tu ambapo njia zaidi ya moja zipo. Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alianza kazi wakati ambapo mwenye studio wa kawaida hakuwa na njia nyingine ila nyeusi na nyeupe. Ubora wa studio za aina hiyo ulitokana na taa, mkao na kazi ya chumba cha giza. Mpiga picha aliyesafisha picha zake mwenyewe aliweza kuufanya uso uwe na mwanga zaidi au kuiokoa nguo nyeupe isififie.

Maabara za rangi zilipoenea mijini katika miaka ya 1980 na kuendelea, mpiga picha alianza kupeleka mkanda kwa mtu mwingine ausafishe. Wapiga picha wasio na studio walipata riziki, na mteja akapata kitenge chake jinsi kilivyo. Hata hivyo, uamuzi kuhusu sura ya mteja ulihamia kwa mashine na mwendeshaji wake. Isitoshe, picha ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri hudumu kwa kuwa imejengwa kwa chembe za fedha, ilhali rangi za picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hupauka. Familia inaweza kubaki na sura ya babu huku ikipoteza ile ya mjukuu.

Wakati wa anayepigwa picha

Simu za leo hupiga picha kwa rangi, na nyeusi na nyeupe hupatikana kwa kuiondoa rangi hiyo. Kwa hiyo leo mtu anayetoa picha ya nyeusi na nyeupe ameamua. Johannes Fabian, aliyeitafiti pia lugha ya Kiswahili huko Katanga, alieleza katika kitabu chake cha 1983, Time and the Other, jinsi taaluma inavyowanyima wanaochunguzwa haki ya kuishi wakati mmoja na mchunguzi. Mchuma chai wa Mufindi akiondolewa rangi bila sababu hupatwa na hali hiyo: koti lake la plastiki na simu iliyo kiunoni huonekana kama vitu vya zamani, na kazi ya leo, yenye ujira wa leo, husomwa kama historia.

Hata hivyo, rangi nayo inaweza kumdhulumu. Kijani cha chai kina nguvu kiasi cha kuigeuza picha ya kazi kuwa tangazo la pakiti, na macho ya mtazamaji hupita juu ya mikono inayochuma. Pale ambapo hoja ya picha ni mikono, mzigo na mgongo ulioinama, kuiondoa rangi kunaweza kuwa haki. Pale ambapo hoja ni sare ya harusi, ukomavu wa majani au udongo wa barabara, kuiondoa ni kufuta ushahidi.

Hitimisho

Uhakiki wa picha za Nyanda za Juu Kusini unapaswa kutanguliza maswali matatu: je, mpiga picha alikuwa na njia ya kuchagua, je, rangi ni sehemu ya maana ya picha, na je, anayeonekana amewekwa katika wakati wake? Maswali haya yana uzito zaidi sasa, kwa kuwa zipo programu zinazopaka rangi picha za kale. Pale ambapo bamba la zamani liliuchanganya wekundu na weusi, hakuna programu inayoweza kuvitenganisha kwa uhakika, inabahatisha tu. Hifadhi za nyaraka na vyuo vikuu viitunze nakala asilia bila kuibadilisha, viandike aina ya bamba au filamu inapojulikana, na viitaje rangi iliyoongezwa kuwa ni makisio. Bila hivyo, mtafiti wa kesho atayachukua makisio ya mashine kuwa ushahidi wa udongo wa Igowole na wa nyuso za watu wake.