Kumjua Fundi wa Kabureta Mjini Tunduma

Tunduma ina mafundi pikipiki kila kona, kuanzia mitaa ya mpakani hadi Mpemba, na karibu wote wana spana zilezile na bisibisi zilezile. Wanachotofautiana ni namna wanavyoipokea pikipiki yenye shida ya mafuta. Wengi huanza kufungua kabureta hata hujashuka vizuri. Aliye bora huchelewa kuifungua. Huuliza, huenda kwenye tangi, hufuata njia ya mafuta kipande kwa kipande, na akifika kwenye kabureta anajua tayari anatafuta nini. Huyo mtafute hata kama gereji yake ni turubai chini ya mwembe.

Msikilize anavyouliza. "Kaka, ilizima ghafla au ilianza kukohoa?" Swali hili moja linaokoa nusu ya kazi. Moto wa plagi ukikatika, mara nyingi injini hufa papo hapo. Mafuta yakipungua, injini hukohoa, huvuta kwa shida, kisha ndiyo inazima, kwa sababu kikombe cha kabureta huwa bado kimebakiza kidogo. Swali la pili ni mafuta uliweka wapi na lini. Madereva wengi wa bodaboda huweka ya elfu mbili, elfu tatu, na pikipiki inalala na tangi karibu tupu. Unyevu wa usiku hushika kuta za ndani, kutu huanza, na chembe zake hushuka na mafuta. Anayejaza vijijini kutoka kwenye chupa za dukani huongeza vumbi na maji juu ya hayo.

Fundi mzoefu hukumbuka pia habari ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, kuyachanganya kwenye dizeli na petroli kulikuwa na faida kubwa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ikaanza kutia vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Tamaa ilipungua, lakini akiwa na shaka fundi mzuri bado hudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka upesi. Yenye mafuta ya taa huacha doa linalokawia.

Kabla ya spana yoyote, atafungua kifuniko cha tangi na kutega sikio. Pikipiki inayokwenda vizuri robo saa, ikazima, ikapumzika kidogo na kuwaka tena, mara nyingi imezibwa tundu la kupumulia kwenye kifuniko. Mafuta yanashuka, hewa haiingii kushika nafasi yake, na mwisho mafuta yenyewe hayashuki tena. Ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa ndani. Dawa yake ni kusafisha tundu hilo, na ni shida inayowalaza madereva njiani huku kabureta ikifunguliwa mara tatu bure.

Kinachofuata ni chupa. Anachomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, anautumbukiza kwenye chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, anafungua koki na kutazama. Mtiririko ukianza kwa nguvu kisha ukageuka matone, kizuizi kiko juu: kwenye koki, kwenye filta au kwenye kifuniko kile kile. Kisha analegeza skrubu ya chini ya kikombe na kukinga mafuta yake kwenye chupa nyingine. Iache itulie dakika moja, uinue kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huketi chini kama shanga zinazoviringika ukiinamisha chupa, na kutu huonekana kama unga mwekundu juu ya kitako. Hapo hakuna ubishi tena kati ya fundi na mteja, kila mmoja anaona.

Marubani wa ndege ndogo za injini ya pistoni, kama Cessna 206, hufanya jambo hilihili kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya matangi, hutafuta maji, na huangalia rangi, maana petroli ya ndege ya daraja la 100LL hutiwa buluu ili isichanganywe na nyingine. Hukagua pia mirija ya kupumulia ya matangi, kwa kuwa nyigu hupenda kujenga humo. Tofauti ni kwamba wao hufanya hivyo injini ikiwa nzima, na ningependa kila kijiwe cha bodaboda kiige tabia hiyo walau mara moja kwa wiki.

Kabureta ikifunguliwa sasa, tazama mikono. Jeti ndogo ni ya shaba laini na tundu lake halifiki nusu milimita. Fundi anayeichokonoa kwa waya wa chuma analipanua, na pikipiki itakula mafuta siku zote hadi jeti ibadilishwe. Mwenye ufundi hulowesha, hupuliza kwa pampu, kisha huielekeza juani kuona kama mwanga unapita mviringo. Skrubu ya hewa huikaza kwanza taratibu huku akihesabu mizunguko, ili airudishe ilipokuwa.

Plagi atakuonyesha wewe mwenyewe. Rangi ya kahawia ni afya, nyeupe ni mafuta machache, nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi. Kwenye mkoa huu wa Songwe, hii nyeusi ina sababu ya kimaumbile. Kutoka bondeni Kamsamba karibu na Ziwa Rukwa hadi miinuko ya Mbozi inayopita meta 1,400, hewa inazidi kuwa nyepesi, takriban asilimia 10 kwa kila meta 1,000, na mafuta yaleyale yanakuwa mengi kuliko hewa. Rubani ana mkono wa kupunguzia mafuta anapopanda. Dereva wa bodaboda anamtegemea fundi ashushe sindano ya kabureta ngazi moja au aweke jeti ndogo zaidi, na anayefahamu hilo hatakuuzia kabureta mpya.

Akimaliza, hapimi kwa kuunguruma pale pale. Anapanda na abiria, anatafuta mlima. Akirudi hufungua kifuniko cha oili na kunusa. Ikinuka petroli, vali ya kabureta haifungi na mafuta yanaingia kwenye injini usiku kucha. Atakuambia ubadilishe oili leo hii, hata kama una haraka ya kurudi kijiweni.