Fidla Inayochezesha

Ukitaka kumjua mpiga fidla wa kidumbak, usimtazame vidole. Mkono wa kushoto huvutia macho kwa sababu ndio unaotembea juu ya nyuzi, lakini kazi iko kulia, kwenye kiwiko na kifundo cha mkono unaoshika upinde. Msubiri mwimbaji anyamaze. Maneno yamekwisha, ngoma zimeshika kasi, na sasa fidla imebaki mbele peke yake. Inashika kipande kifupi, sauti nne au tano tu, na kukirudia mara kumi, mara ishirini. Kila kinaporudi, uzito umehama kidogo: mara hii upinde umekandamiza mwanzo, mara ile umeuruka mwanzo ukaangukia katikati. Kinamama waliojifunga kanga viunoni wanausikia uhamaji huo kabla yangu mimi niliyeketi na kusikiliza kwa makini. Kiuno kimekwisha kuujibu.

Kidumbak ni muziki wa Unguja, wa harusi, wa uwanjani chini ya turubai. Ala zake ni chache. Kuna ngoma mbili ndogo zilizoupa jina lake, kwa kuwa dumbak ni ngoma ya taarab na hizi ni vitoto vyake. Kuna mkwasa, vijiti vifupi vinavyogonganishwa, na cherewa, vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu. Kuna sanduku, nalo ni sanduku kweli, la majani ya chai, limepinduliwa na kutiwa uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Mpigaji huivuta fimbo na kuilegeza, na besi hupanda na kushuka kwa nguvu za bega lake. Katika jamaa hii ya mbao, ngozi na vifuu, fidla peke yake ndiyo mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari.

Fidla hiyo ilitoka katika taarab, na taarab ilianzia ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha kundi la Ikhwani Safaa, na taarab ikawa muziki wa kuketi na kusikiliza. Lakini nyimbo hazina mlango. Zilivuka zikaingia Ng'ambo, mitaa iliyo upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe, ambako hapakuwa na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, wala fedha za kukodi kundi zima. Wakazi wa huko wakaichukua fidla, wakaacha mengine, na mahali pa yale waliyoyaacha wakatia ngoma.

Kwa sababu hiyo wapo wanaoiita kidumbak taarab ya maskini. Nalikataa jina hilo. Midundo yake imechota katika unyago na kumbwaya, ngoma ambazo hazikuomba kitu ikulu. Wanamuziki wenyewe hawakuweka ukuta kati ya taarab na kidumbak: Makame Faki, aliyejulikana kama Sauti ya Zege, alikuwa katika kundi la taarab la Culture Musical Club na pia katika kundi la Kidumbak Kalcha. Na kwa upande wa fidla nasema bila kusita kwamba kidumbak ndiyo mtihani mgumu zaidi. Katika taarab, fidla hutembea na wenzake, sauti ndefu, zilizonyooka. Mmoja akiteleza, wengine humfunika. Katika kidumbak hakuna wa kukufunika. Nyimbo huunganishwa moja na nyingine bila kituo, mwendo ukizidi kupanda, na mkono hauna pa kupumzikia.

Fidla haina mapingo shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kukaa popote, hata katika zile sauti za katikati za rasti na bayati, ngazi za muziki wa Kiarabu, ambazo kinanda cha kawaida hakina ufunguo wake. Ndiyo sifa yake inayotajwa zaidi, na ni sifa ya kweli. Mimi nilianzia hapo. Kwa miaka nilikuwa nikizitafuta sauti hizo chumbani peke yangu, nikiamini kwamba nikizipata nitakuwa nimeipata fidla.

Kisha nikapigishwa harusini. Nilipiga kwa usafi. Sauti zilikaa mahali pake, sikukosea hata wimbo mmoja, na nilipofumbua macho nikaona uwanja una watu wanne. Shangazi zake bibi harusi walikuwa wameketi wakizungumza. Hakuna aliyenizomea; walinipa maji, wakanishukuru kwa adabu, na adabu ile iliniuma kwa wiki nzima.

Mzee aliyenipokea baada ya hapo alinikataza mkono wa kushoto. Kila siku baada ya laasiri tuliketi barazani kwake, fidla begani, nami sikuruhusiwa kugusa shingo ya ala kwa kidole chochote. Nyuzi wazi tu, upinde tu. Alinifundisha kupaka utomvu kwenye singa za upinde kwa kiasi: ukizidi, upinde unashika kama tope; ukipungua, unateleza na sauti inakuwa ya kunong'ona. Alinionesha nusu ya chini ya upinde, karibu na ngumi, mahali nilipokuwa nikipaogopa kwa sababu hapo unakwaruza. "Hapo ndipo penye ngoma," alisema. Akanitaka nikwaruze, kisha nijue kiasi cha kukwaruza.

Sikuelewa hadi alipoelekeza kidevu uani. Jirani yake, mama wa makamo, alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Mvuto mrefu, miwili mifupi, kituo kidogo cha kugeuza kifuu, tena mrefu. Bega lake lilishuka kwenye mkwaruzo wa kwanza na kuinuka kwenye wa tatu. Mwalimu akaniambia nimfuate.

Nikamfuata kwa uzi mmoja ulio wazi, sauti ile ile, ikienda na kurudi. Mwanzoni nilichelewa nyuma yake. Kisha nikawa naye sawa, na mkono wangu ukaacha kuhesabu. Nazi ya kwanza ikaisha, akachukua ya pili, mimi sikusimama. Sijui ni lini hasa jambo lile liligeuka. Ninachojua ni kwamba mzee alinigusa goti na kunong'ona nipunguze kidogo, nikapunguza, na kule uani, bila kuinua kichwa, mama yule naye akapunguza.