Stesheni Inamkumbuka Simba

Siku za kazi, asubuhi yangu huanzia kwenye jam ya Waiyaki Way. Kangemi hatuna treni; reli ilipita kusini mwetu, ikashika njia ya Kibera na Dagoretti kwenda Kikuyu. Sisi ni watu wa mathree. Humo ndimo hutazama video za vijana wa London wakisifu stesheni zao za chini ya ardhi: vigae, ngazi, taa za zamani. Wana treni hiyo tangu 1863. Nairobi hatuna ya chini, lakini ya juu tunayo, mwisho wa Moi Avenue. Juzi, saa ya lunch, badala ya kupiga foleni kibandani nikavuka Haile Selassie kwenda kuisoma kama kitabu.

Jengo lenyewe nalipenda. Halijivuni, na lina kivuli cha kungojea treni ya jioni ya Ruiru au Embakasi. Kama Nairobi ni riwaya, ukurasa wa kwanza ni huu: Mei 1899, reli inafika kwenye kinamasi, mji unafuata.

Shida inaanza ukitembea dakika chache hadi Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971. Nyota wa pale ni behewa. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikaa humo kumvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamtoa dirishani. Hadithi tamu, sibishi. Nje yamesimama magarimoshi ya Garratt ya miaka ya 1950, kati ya makubwa zaidi yaliyowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja. Yamepewa majina ya milima. Moja linaitwa Mount Gelai.

Kwa hivyo simba ana hadithi, bosi ana jina, na chuma kina jina la mlima. Waliojenga je? Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafa. Mombasa hadi Kisumu ilikuwa kama kilomita 940. Piga hesabu: kila kilomita, watu wawili au watatu. Naye Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kupinga reli na utawala ulioileta, aliuawa 1905 na afisa Mwingereza waliyekutana naye kwa mazungumzo ya amani. Lakini ukitoka getini, unayemuwaza ni simba. Hiyo ndo kasoro ya kazi hii: imemchagua mhusika mkuu vibaya.

Nasema kwa uchungu kidogo. Babu yangu alikuwa kibarua wa kubadilisha mataruma upande wa Kikuyu. Nikiwa mdogo alinishikisha kiganja chake, kigumu kama soli ya kiatu. "Hii ndiyo reli," akaniambia. Hatuna hata picha yake akiwa kazini. Sikutarajia garimoshi lenye jina lake, lakini nilizunguka kule nikitafuta mtu mwenye mikono kama ile, nikamkosa.

Sasa kuna mpango wa Nairobi Railway City, wa kujenga upya eneo zima la stesheni. Sawa, tujenge. Behewa libaki, simba naye abaki. Mimi naomba ukuta mmoja tu wa majina ya waliobeba mataruma, pale pale watu wanapongoja treni ya jioni. Mtu wa Ruiru, badala ya kukodolea simu, asome jina la babu ya mtu.

Nilirudi ofisini na njaa. Jioni, mathree ikiwa imekwama Westlands, nikapiga hesabu nyingine. Kutoka tao hadi Kangemi ni kama kilomita tisa. Kwa hesabu ile ya reli, ni watu 24. Nikageuka kutazama viti nyuma yangu. Ni karibu mathree nzima.