Kuijibu Hadithi

Kusoma hadithi ni kazi moja. Kuijibu ni kazi ya pili. Wengi hufaulu katika ile, wakaanguka katika hii. Twaa mfano wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Swali lauliza: kwa nini Karama, naye ni mshitakiwa, asimulia barazani safari za wajumbe sita?

Mwanafunzi mmoja ajaza kurasa tatu. Awataja wajumbe wote, toka Buruhani hata Amini, wala hakosei pande walizotumwa. Kumbukumbu yake yastahili sifa, lakini hakuulizwa safari zilikuwaje. Mwingine aandika mistari minane: wajumbe waliitumikia nchi wakalipwa kifungo, Karama ashitakiwa kwa kufundisha uanasheria, basi dhuluma waliyotendewa wao ndiyo ushahidi wake kwamba elimu hiyo yahitajiwa. Huyu ndiye aliyejibu.

Wa tatu asema kwamba mwandishi atufundisha kuwa wema. Maneno hayo ni mazuri, lakini jibu lifaalo kila hadithi halijajibu hata moja.

Je, akitokea wa nne, akadai kwamba Karama asema mno, na kwamba visa vitatu vingalitosha? Msahihishaji asimkate alama kwa kuwa hakupendezwa. Na atazame kama dai limethibitishwa kwa mambo yaliyomo kitabuni.

Nawe, msomaji, kabla hujashika kalamu jiulize: nimeulizwa nini, na kitabuni pana nini cha kunishuhudia?