Anayejitolea na Anayeshirikishwa

Katika Kiswahili ni silabi moja tu inayotenganisha kujitoa na kujitolea. Anayejitoa huliacha shauri na kwenda zake; anayejitolea huingia ndani yake na kuitumia nafsi yake kwa ajili ya wengine. Tofauti yote hiyo imebebwa na kauli ya kutendea, silabi ndogo iliyokaa katikati ya neno, ambayo humlazimisha msemaji amfikirie mpokeaji hata asipomtaja. Kiingereza hakina taabu hiyo. Neno lake la jambo hili limetokana na Kilatini lenye maana ya utashi, na utashi ni mali ya mwenyewe. Mtu aweza kuwa na hiari yake peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Kujitolea hakuwezekani pasipo wa kupokea.

Inafaa kuanzia hapo tunapolitazama suala la wageni wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea katika miradi ya jamii ya kuhifadhi mazingira. Aghalabu suala hilo hupimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa na fedha zilizotumika, na maneno yenyewe hupita bila ya kukaguliwa, kana kwamba hayana kazi. Watu wa visiwani wanao ushahidi wao. Chumbe, ambako matumbawe yalipewa ulinzi wa sheria mwaka 1994, ilijengwa kwa mikono ya wageni wengi wa kujitolea, na pia kwa wavuvi waliofunzwa wakawa walinzi wa miamba ile ile waliyokuwa wakiivua. Mafia, kabla ya Hifadhi ya Bahari kuanzishwa mwaka 1995, vijana wa Kiingereza waliolipa wenyewe gharama zao walipiga mbizi kuhesabu samaki na matumbawe. Mtu kulipa ili aruhusiwe kujitolea ni jambo ambalo wazee wa Kilindoni wangeliomba lirudiwe mara mbili.

Lakini mfano ulio mpana zaidi uko mbali na bahari, katika Nyanda za Juu Kusini. Mjini Mbeya kuna mtaa uitwao Soweto. Umelichukua jina la Soweto ya Johannesburg, ambalo nalo si neno la kabila lolote, bali ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Jina lililotungwa chini ya utawala wa ubaguzi, likatakaswa kwa damu ya wanafunzi mwaka 1976, likavuka Limpopo na Zambezi na kutua katika mji wa baridi, kwa watu wanaopika kwa mkaa. Mji huo ndio uliokuwa makao ya mpango wa uhifadhi wa Nyanda za Juu Kusini ulioendeshwa na shirika la wanyamapori lenye makao yake New York, na ndio mlango wa wageni waendao Rungwe na Kitulo. Gunia la mkaa linaloshushwa Soweto na mche unaopandwa mlimani ni sentensi moja iliyokatwa katikati. Mgeni husomeshwa nusu ya pili, na mama anayewasha jiko anaijua nusu ya kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa mpango huo walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kando ya mlima Rungwe. Wawindaji wakawatajia mnyama aitwaye kipunji, kima mwenye haya, akaaye juu mitini. Watafiti walisita, kwani katika masimulizi ya huko wanyama wa msituni na wanyama wa mizimu hutajwa kwa pumzi moja. Walimwona wazi mwezi Desemba mwaka huo. Katikati ya mwaka 2004, bila ya kutarajiwa, kima huyo huyo akaonekana na mtafiti mwingine katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kupitia jarida la Science kwamba Afrika ina kima mpya.

Neno hilo "mpya" ndilo la kuhakikiwa. Mpya kwa nani? Kiswahili kina neno kuhifadhi, na watu wa pwani wanajua kwamba neno hilo lina vyumba viwili. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura. Malenga huhifadhi shairi la babu yake lisilowahi kuandikwa. Na serikali huhifadhi msitu kwa kuuwekea mpaka na askari. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wamemhifadhi kipunji kwa maana ile ya kwanza, kifuani, kwa jina na kwa tabia, muda mrefu kabla hajahifadhiwa kwa maana ya pili. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Hapo ndipo maana mbili za neno moja zilipogongana, kwa sababu hifadhi ya pili humzuia kuingia yule aliyekuwa na hifadhi ya kwanza. Hapana anayesema mwindaji aachiwe aendelee: hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta kima hao wapatao 1,117 tu, na idadi hiyo haivumilii mitego. Linalodaiwa ni kwamba aliyezuiwa atajwe kuwa ndiye aliyejua.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba watafiti wale walifanya jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi: walisikiliza, na jina walilosikia wakaliweka. Kiingereza kilijaribu kwanza kumwita kima huyo kwa jina la kueleza kwamba ni wa nyanda za juu. Jina hilo halikushika. Kipunji likashika.

Kitulo nako kuna majina mawili. Wenyeji huiita nyanda hiyo Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wakaiita Serengeti ya Maua. Jina la kwanza lina mwenyewe na lina adabu yake, kwani bustani ya mwingine huingiwa kwa ruhusa. La pili lina watazamaji, na limeazimwa kwa jirani mwenye sifa kubwa zaidi ili biashara ya kutembeza wageni iende. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ni ya kwanza nchini kuanzishwa kwa ajili ya mimea yake zaidi kuliko wanyama. Adui wake hakuwa shoka bali sufuria: viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni na kupelekwa Zambia kuliwa. Wachimbaji walikuwa watu maskini wenye jembe dogo, na katika maandishi mengi ya uhifadhi ni nadra kuwakuta wakisema hata neno moja.

Ukisoma taarifa za miradi ya namna hii kwa jicho la msomaji wa mashairi, utaona kwamba vitenzi vimegawanywa kwa upendeleo. Mgeni anajitolea. Mwenyeji anashirikishwa, anaelimishwa, anahamasishwa, anawezeshwa. Mgeni amepewa kiambishi cha nafsi, yule ji anayejigeukia mwenyewe na kujitawala; mwenyeji amerundikiwa kauli ya kutendeshwa, ambamo daima kuna mtu mwingine nyuma ya pazia anayetenda. Hata istilahi rasmi, uhifadhi shirikishi, haisemi nani anamshirikisha nani, lakini masikio yanajua. Ajabu ni kwamba sheria iko mbele ya lugha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, kiumiliki na kukisimamia chenyewe kwa kanuni zake. Kwa sheria hiyo kijiji ni mwenye nyumba. Kwa maneno ya taarifa kijiji ni mwalikwa nyumbani kwake.

Na nani hasa anayejitolea? Mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji hutoka alfajiri kwenda doria, na mara nyingi hana mshahara. Huacha shamba lake, na akimkamata mkata mbao, mkata mbao huyo aweza kuwa shemeji yake, ambaye watakutana msibani wiki ijayo. Mgeni wa miezi mitatu hana shemeji kijijini, na tiketi yake ya kurudi iko mkobani. Lau maneno yangegawiwa kwa uzito wa kinachotolewa, mjumbe huyo ndiye angeitwa mwenye kujitolea, na mgeni angesemwa kuwa ameshirikishwa. Hilo halimpunguzii mgeni heshima. Wapo waliougua malaria, waliojifunza Kinyakyusa, waliorudi mara ya pili kwa nauli zao. Linampa tu nafasi yake.

Makosa haya yameingia katika sanaa, na hapo ndipo hasara inapomgusa mpenzi wa ushairi. Siku ya Mazingira, mwezi Juni, shule nyingi za bara na visiwani huandaa ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyeikuza bahari hiyo, aliiacha ikiwa majibizano: pande mbili, kila upande na hoja yake, mpaka mmoja ashawishike. Katika ngonjera za miti upande mmoja hushindwa kabla haujafungua kinywa. Hutokea mkata kuni, mjinga, mlevi kidogo, kisha mtaalamu humwambia kuhusu mvua, naye hutubu katika beti ya saba. Mkata kuni wa kweli wa Rungwe ana hoja ambazo beti hizo haziziwezi: kwamba kima wanakula mahindi yake na hapana anayemlipa, kwamba mpaka wa msitu ulichorwa babu yake akiwa shambani, kwamba mkaa wake unapikia chai ya huyo mtaalamu mjini Mbeya. Muyaka asingekubali kujibizana na mpinzani aliyefungwa mdomo. Malumbano ya Mombasa na Lamu yalikuwa na ladha kwa sababu kila upande uliogopa upande wa pili. Ngonjera isiyo na hofu hiyo ni tangazo la idara lililotiwa vina, hata mizani ikitimia.

Methali zina busara zaidi kuliko ngonjera hizi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa mgeni anapofika, na miradi huipenda sana methali hiyo kwa kuwa inauweka uponyaji mikononi mwa anayekuja. Lakini iko nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali hii ya pili kitenzi ni cha mwenyeji. Ni yeye anayehesabu siku, ni yeye mwenye jembe, na ni yeye anayejua shamba lipi lina magugu.

Mwaka 2005, baada ya kipunji kutangazwa kwa picha tu, kima mmoja alikutwa amekufa katika mtego uliotegwa na mkulima shambani, karibu na mlima Rungwe. Mzoga huo ulipelekwa jumba la makumbusho la Chicago, ukapimwa, na kwa sababu yake wataalamu mwaka 2006 walitambua kwamba kipunji hafanani vya kutosha na kima wa jamii yoyote iliyojulikana, wakamuundia jenasi yake mwenyewe. Wakamwita Rungwecebus kipunji. Toa kipande cha mwisho cha neno la kwanza, ambacho ni cha Kiyunani, na kinachobaki ni jina la mlima kama linavyotamkwa na watu wake, na jina la kima kama lilivyotamkwa na wawindaji.