'Kumalizika' si 'kukamilika': Kasoro katika arifa za kuunda programu

BAADHI ya wanaofundisha utayarishaji wa programu za kompyuta kwa Kiswahili hulifasiri jina buildFinished kuwa 'uundaji umekamilika'. Naipinga tafsiri hiyo, na sababu yangu si ya kisarufi tu.

Tuanze na zana yenyewe. Apache Ant, iliyotolewa mwaka 2000, huunda hasa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Programu nyingine ikitaka kujua kazi imefika wapi, hujisajili kwa Ant kuwa msikilizaji, kisha hupigiwa mbiu kila jambo linapotokea. Mbiu hizo ni saba: uundaji kuanza na kwisha, lengo kuanza na kwisha, kazi kuanza na kwisha, na ujumbe kuandikwa. (Jambo hilo ni 'tukio', jamani, si 'hafla' kama mashine za kutafsiri zinavyopenda kutuambia. Hafla ina wageni na pilau.)

Utata umo katika mbiu ya kwisha. Ant huipiga uundaji ukifaulu, na huipiga vilevile ukigonga mwamba. Msikilizaji hutambua tofauti kwa kuchungulia ndani ya tukio: akikuta limebeba kosa, mambo yameharibika, asipokuta, ni shwari.

Sasa, kitenzi 'kukamilika' kina 'kamili' ndani yake. Kilichokamilika hakina upungufu. 'Kumalizika' na 'kwisha' havidai hivyo. Vinasema tu kwamba mwisho umefika. Mtihani ukimalizika, hatujui nani kapita. Mwanakandarasi akiondoka na matingatinga yake kwa kuwa pesa zimekatika, kazi ya barabara imekwisha, lakini nani atathubutu kusema imekamilika? Kijana anayesoma 'uundaji umekamilika' kwenye skrini, ilhali kosa limefichwa ndani, anaweza kuwatumia wateja programu ya jana akidhani ni ya leo.

Wapo watakaosema lawama ni ya waliobuni Ant, kwamba wangetenga mbiu mbili, ya kufaulu na ya kushindwa. Sikubaliani nao. Mbiu moja ya mwisho ina faida yake: msikilizaji aliyefungua faili ya kumbukumbu huambiwa wakati wa kuifunga, iwe heri au shari. Tena Ant inapozungumza na binadamu haina kigugumizi. Hutangaza kwa herufi kubwa kwamba uundaji umefaulu au umeshindwa, ikataja na muda uliotumika.

Kwa Kiswahili ningeandika 'UUNDAJI UMEFAULU' na 'UUNDAJI UMESHINDIKANA'. Vijana wa Nairobi watasema 'imefeli' au 'imegoma', na sina ugomvi nao sana, ingawa aliyegoma huweza kubembelezwa akarudi kazini. Jina la tukio lenyewe liwe 'uundaji umemalizika', na 'umekamilika' liondolewe katika vitabu vya mafunzo kabla halijazoeleka.